Haki ya Mgeni wa Arusi Ukingoni mwa Ziwa

Ramadhani ikiisha na miezi ya mfunguo ikaingia, nyumba nyingi za Waislamu hushughulika na kuoza na kuoa. Mjini Mwanza shughuli hizi zina sura yake, kwani ukoo mmoja huenda ukawa na jamaa wa Tanga, wa Unguja, wa Tabora, wa Ujiji na wa Bukoba. Tangu reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, watu wa pwani wamekuwa wakipanda bara kuja kushuhudia akdi na kula walima za jamaa zao, nao hawaji siku moja wakarudi siku ya pili. Akdi husomwa, walima huliwa, na katika siku zile za fungate wageni wangali nyumbani. Mwenyeji hujiuliza: Leo tuwapeleke wapi? Jibu la Mwanza ni moja tu: tuwapeleke ziwani.

Siku hizi vijana wa pwani huja na miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia, vyombo walivyovizoea katika bahari yao, wakitaka kutazama kilichomo chini ya maji ya ziwa. Wako wanaouliza kama matembezi ya namna hii yawafaa wageni wa arusi ya Kiislamu, na kama yafaa, yafanywe vipi. Swali ni zuri, nasi tutalijibu kwa kadiri ya uwezo wetu.

Kwanza na ijulikane kwamba furaha ya arusi ni halali, tena ni jambo lililopendekezwa. Dini yetu haikutaka ndoa ifichwe, bali itangazwe, watu wale na wafurahi pamoja. Kuwatoa wageni nje wakaone kazi ya Mola wao ni katika wema wa mwenyeji. Na Mwanza ina mengi ya kuonyesha: majabali yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, jiwe la Bismarck lililosimama majini karibu na mji, kisiwa cha Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ziwa lenyewe, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Mtu hawezi kuyatazama haya jua likizama asimtukuze Aliyeyaumba.

Lakini pamoja na furaha kuna amana. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kumkirimu mgeni, na wengi wetu tumefahamu ukirimu kuwa ni sahani iliyojaa na kitanda kilichotandikwa. Huo ni ukirimu, walakini si wote. Wanazuoni wamehesabu mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi, nayo ni dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Nafsi ya mgeni, maadamu yu chini ya dari yako au katika matembezi uliyoyapanga wewe, imo katika amana yako. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twasema, mwenyeji naye na amponye mgeni.

Na hapa ndipo penye uzito. Ukirimu ulio mgumu kuliko wote ni ule wa kumwambia mgeni, tena mkwe au shemeji, "Hapana." Twaona haya kusema neno hilo mbele ya watu tuliounga nao udugu jana. Twachelea kuambiwa kwamba tu wachoyo au waoga. Haya hiyo, ambayo mahali pengine ni tabia njema, kando ya maji yaweza kuzaa msiba. Basi na tuyaeleze mambo ambayo mwenyeji wa Mwanza anayajua na mgeni wake hayajui.

Mtu wa pwani aliyelelewa na bahari hudhani kwamba anayajua maji. Anaijua bahari, ziwa ni kitu kingine. Maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi yake, ni mazito kuliko ya ziwa kwa sehemu mbili na nusu hivi katika kila mia. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini kwa mtu mwenye kilo 70 ni kama kumfunga mwilini uzito unaokaribia kilo mbili asioutazamia. Yule aliyekuwa akielea kwao bila taabu huku huchoka upesi, naye hatambui sababu yake mpaka amekwisha kwenda mbali. Tena ziwa halina kujaa na kupwa kwa kumwonyesha mgeni kina kilipo. Mahali pengi penye mawe, hatua moja ni ya magoti na hatua ya pili haina chini. Upepo nao hubadilika ghafla, na maji yaliyolala asubuhi kama mkeka huweza kuinuka kabla ya Alasiri. Na katika sehemu nyingi za ukingo, khasa upande wa Sengerema, Buchosa na visiwani, wamo mamba na viboko. Wavuvi wa kila mwalo wanajua mahali pao. Wageni wa arusi hawajui.

Ama ile miwani ya kuzamia, twapenda kuwaambia vijana habari ambayo huenda wengi hawajaisikia. Chini ya ziwa hili kulikuwa na ajabu kubwa. Samaki wadogo waitwao furu walikuwa aina mia tano hivi, wengi wao wasiopatikana mahali pengine po pote duniani. Katika miaka ya 1950 sangara walitiwa ziwani, nao katika miaka ya 1980 walizidi mno katika ghuba ya Mwanza, wakawala furu hata aina nyingi zikatoweka. Pamoja na hayo, taka za miji na udongo na mbolea za mashamba viliingia majini, ukungu wa kijani ukaota, na ziwa likawa kiza. Miaka ya 1920 mpimaji aliweza kuona chombo chake cheupe katika maji ya mbali na ukingo kikiwa mita saba chini; siku hizi, katika ghuba ya Mwanza, mara nyingi hakionekani kupita mita moja au mbili.

Wataalamu waliozamia kando ya mawe ya Mwanza wamekuta furu wawili walio jamaa wa karibu. Dume la mmoja ni la rangi ya samawati, naye amepewa jina la pundamilia kwa mistari yake. Dume la mwenziwe lina wekundu mgongoni, na huyo mwaka 1985 alipewa jina la Mwalimu Nyerere. Majike huchagua madume kwa rangi. Mwaka 1997 wataalamu hao walitoa habari kwamba mahali palipo na maji yenye kiza, jike hashiki tena tofauti ya rangi, na makabila ya samaki huchanganyika na kupotea. Basi hata samaki wana arusi zao, nasi kwa uchafu wetu tumezizimia taa. Kila sahani ya plastiki na kila mfuko unaoachwa ukingoni baada ya karamu umo katika hesabu hiyo.

Tumeyasema haya ili kijana ajue mambo mawili. La kwanza, kwamba miwani yake haitamwonyesha ziwani kile alichokiona Chumbe au katika hifadhi ya bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, ambako maji ni maangavu na matumbawe yamo. La pili, lililo zito zaidi, ni kwamba maji yasiyomwonyesha samaki hayawaonyeshi watu walio juu mzamiaji aliyepatwa na jambo. Akizama mita mbili, amekwisha kutoweka machoni. Na mtu anayezama aghalabu hapigi kelele wala hapungi mkono. Hunyamaza tu, huku wenziwe wakipakua pilau. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na wengi wao hawakufia katika dhoruba za bahari, bali karibu na nyumbani, mahali walipodhani pa salama.

Kuna na adui mwingine asiyeonekana, naye ni kichocho. Kichocho cha tumbo kimeenea katika kingo za Ziwa Viktoria. Konokono wadogo wa majini, wakaao penye matete na maji matulivu, hutoa vijidudu ambavyo hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu, wala mtu hahisi kitu isipokuwa pengine mwasho kidogo. Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, yaani saa zile zile za mchana ambazo wageni hushuka majini. Baada ya wiki kadhaa huja homa na kikohozi, na ugonjwa ukiachwa kwa miaka huharibu ini na kuvimbisha wengu, hata mtu akatapika damu. Wakati huo mgeni yuko kwao Tanga au Unguja, na mganga wake hana habari kwamba aliwahi kuoga ziwani. Dawa iko, nayo huitwa prazikwanteli, lakini huua minyoo iliyokwisha kukomaa na haiwezi vizuri ile michanga; ndiyo sababu aliyeingia majini hushauriwa kumwona mganga na kupimwa wiki sita hadi nane baadaye. Mwenyeji aliyewaacha wageni wake wakaingia majini ana deni la kuwaandikia jambo hili.

Hapa tungependa kuwatanabahisha wasomaji wetu juu ya udhu. Wakati wa Adhuhuri ukiingia, watu hushuka ukingoni wakakaa penye matete, wakatia miguu na mikono majini, wakatawadha. Maji ya ziwa ni tahiri, hapana shaka, na udhu wake ni sahihi. Lakini tohara ni jambo moja na usalama ni jambo la pili. Maji yaweza kumtoharisha mtu na papo hapo kumtia ugonjwa. Njia nyepesi ni kuchukua madumu ya maji kutoka nyumbani. Na asiyekuwa na maji mengine ila ya ziwa, na ayateke mapema, ayachuje, kisha ayaweke katika chombo kilichofunikwa kwa siku mbili kamili. Vijidudu vya kichocho havikai hai zaidi ya hapo, na maji hayo hufaa kwa kutawadha na kuoga. Ya kunywa, hayana budi kuchemshwa. Na tukumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza watu kukojoa katika maji yaliyotuama na kwenda haja penye njia za maji. Leo tumejua kwamba kichocho hakina njia nyingine ya kuwafikia konokono ila kwa uchafu wa watu. Karamu isiyokuwa na mahali pa kujisaidia isifanywe kando ya ziwa.

Sasa tuseme habari ya vyombo. Wageni wengi hawaridhiki na ukingo. Hutaka kwenda Saanane au kuzunguka kidogo kwa boti. Watu wa Mwanza hawana haja ya kuelezwa na mtu ziwa lafanya nini. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiikaribia Mwanza, ikafa nayo mamia ya watu, na makaburi ya Igoma yangalipo kwa ushahidi. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hakikuwa mbali, kilikuwa kikifika. Na katika jahazi lo lote lililojaa kupita kiasi, nyuma ya hesabu hizo yupo mtu aliyeona haya kusema, "Nafasi zimekwisha."

Basi ewe bwana mwenyeji, siku ya matembezi simama mwenyewe penye boti, uhesabu. Chombo cha watu kumi kikiwa na watu kumi, umwambie wa kumi na moja kwa upole, "Shemeji, hiki kimejaa, wewe na mimi tutakwenda kwa safari ya pili." Neno hilo halimpunguzii mtu heshima, kwa kuwa umejiweka pamoja naye. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, na lifungwe, lisikaliwe kama mto. Jaketi za watoto ziwe za watoto. Ikiwa mwenye boti hana jaketi za kutosha, basi hana boti ya kuwapakia wageni wako.

Kuhusu mama zetu na dada zetu, tuna maneno mawili. Staha katika matembezi haya ni wajibu. Mchanganyiko wa wanaume na wanawake majini haufai, wala hauwi halali kwa kuitwa desturi ya kisasa. Wapewe mahali pao pa faragha penye kivuli, wasiachwe juani kulinda vyakula huku wanaume wakistarehe. Lakini staha isiwe sababu ya mauti. Buibui na kanga zikilowa huwa nzito na hufunga miguu. Mwanamke akianguka majini na mavazi hayo bila jaketi, hali yake ni ya hatari kuliko ya mwanamume. Kwa hiyo yeye ana haki zaidi ya kupewa jaketi, naye ana haki ya kufundishwa kuogelea. Huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea, nao wamevaa nguo zinazositiri mwili mzima. Kama yamewezekana Unguja, yawezekana Mwanza pia, katika bwawa safi la kuogelea, kwa saa zilizotengwa kwa wanawake, na mwalimu mwanamke. Baba anayempeleka mwanawe wa kiume kujifunza kuogelea akamwacha wa kike ajiulize: ziwa, je, huchagua?

Kwa kuwa tumeulizwa yafanywe vipi, twataja kwa ufupi. Muulize mvuvi wa mwalo ule habari za mamba, kina na upepo kabla hujachagua mahali. Ondokeni asubuhi, mrudi kabla ya giza. Vyakula, mikeka na jamvi la kusalia viwe juu, mbali na ukingo, mtoto asipate kutoka mkekani akaingia majini kwa hatua tatu. Wekeni mlinzi mmoja, kwa zamu, ambaye katika zamu yake hali, hapigi picha wala hazungumzi, kazi yake ni kuwahesabu watoto. Karibu naye kiwepo kamba ndefu iliyofungwa dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko. Dumu hilo humwelesha mtu, na kumtupia anayezama ni bora kuliko kumrukia, kwani anayezama humkumbatia mwokozi wake wakazama wote wawili. Akitolewa mtu asiyepumua, msimning'inize kichwa chini, bali alazwe chali, apulizwe pumzi kinywani na kifua kikandamizwe bila kukoma, huku mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Na miwani ya kuzamia, kwa ushauri wetu, ibaki mkobani. Anayetaka kuogelea apelekwe bwawani. Anayetaka kuona matumbawe na aalike jamaa wa Mwanza waende kwao pwani, na arusi nyingine haiko mbali inshallah.

Enyi vijana, msidhani kwamba tunawanyima raha. Raha ya matembezi haya haimo katika kushindana nani atafika mbali zaidi majini mbele ya wifi na mashemeji. Imo katika kukaa kivulini, kula sato wa kuchoma, kusikiliza wazee wakieleza koo zetu zilikotoka, na kusali jamaa moja, wa pwani na wa bara bega kwa bega, upepo wa ziwa ukivuma. Aliyetoka Pangani na aliyezaliwa Kirumba wakiinuka katika sala hiyo wameshajuana, na ndilo kusudi la walima.

Nanyi wazazi, jueni kwamba mgeni aliyekataliwa jambo la hatari huenda akanuna mpaka jioni, kisha akasahau. Lakini nyumba iliyoanza fungate kwa vigelegele ikaimaliza kwa tanzia haisahau, na bibi arusi hubaki akiikumbuka siku yake kwa jina la aliyekufa. Ni bora manuniko ya jioni moja.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa za mwaka huu, awatie mapenzi na huruma waliooana, awarehemu wote waliofia katika ziwa letu, na awarudishe wageni wetu makwao salama kama walivyokuja. Amin.